Kumpokea Mzazi au Ndugu Ughaibuni Ukiwa Bado Masomoni

Mwanafunzi aliyeko ughaibuni anapoambiwa kwamba mama yake, baba yake au dada yake anataka kuja kumwona, jibu la kwanza huwa ni furaha, na furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, hali yake haifanani na ya mwenyeji aliyekwisha kujijenga. Chumba anachoishi ni cha kupanga na pengine anachangia jiko na wenzake, kibali chake cha kuishi kina masharti, fedha zake zinatokana na ufadhili au na kazi ya saa chache kwa wiki, na siku zake zinaendeshwa na ratiba ambayo hakuipanga yeye. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyeji wa namna hiyo, na msimamo wake ni mmoja: ziara hufanikiwa pale mgeni anapoelezwa mapema ukweli wote kuhusu muda, nafasi na fedha, na pale anapowezeshwa kuishi saa kadhaa za kila siku bila kukutegemea.

Kalenda kwanza, tiketi baadaye

Kabla hujataja mwezi wowote kwenye simu, chukua kalenda ya chuo na uwekee alama wiki za mitihani, tarehe za kukabidhi kazi na siku za mafunzo kwa vitendo, ambazo mara nyingi hazina ruhusa ya kukosa. Ndugu walio nyumbani hupenda Desemba kwa sababu ndiyo likizo yao, lakini Desemba haina maana moja kila mahali. Katika vyuo vingi vya Ulaya muhula wa kwanza hauishi Desemba. Mitihani yake hufanyika Januari au Februari, kwa hiyo likizo ya mwisho wa mwaka ndicho kipindi cha kujisomea kwa bidii. Australia mambo ni kinyume, kwani mwaka wa masomo huanza Februari au Machi, na Desemba na Januari ndiyo mapumziko marefu, tena ni majira ya joto.

Mzazi mwenye umri mkubwa afikiriwe pia kwa upande wa hali ya hewa na mwanga. Mwezi wa Desemba mjini Stockholm jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na mtu asiyezoea giza la mapema, asiye na nguo nzito wala viatu visivyoteleza, atashinda ndani siku nzima akikusubiri wewe. Akija Mei au Juni, mgeni huyo huyo atatoka mwenyewe na kutembea. Ikiwa huna budi kuchagua kati ya majira mazuri na likizo yako kamili, kwa maoni yangu ni heri majira mazuri na likizo nusu, ilimradi wiki ya mitihani isiguswe.

Urefu wa ziara nao ujadiliwe wazi. Ziara ya kwanza ya wiki tatu au nne inatosha: wiki ya mwanzo mgeni anapumzika na kuzoea saa za mahali, na zinazofuata ndizo za kuonana kwa utulivu. Kumwambia mzazi kwamba kuna tarehe ambazo hazifai si utovu wa adabu, mradi neno lenyewe lije mapema na kwa heshima: "Mama, natamani sana uje, lakini Januari nina mitihani na sitakuwa na muda wa kukaa na wewe. Ukija Machi nitakuwa na wiki mbili nyepesi." Sentensi kama hiyo, ikitamkwa miezi sita kabla ya safari, haimuumizi mtu. Ikisubiri hadi tiketi ikatwe, italeta manung'uniko.

Viza na hati za mwaliko

Viza ya matembezi huombwa na mgeni mwenyewe. Kazi yako ni kumpa hati zinazoonyesha wewe ni nani kwake, atalala wapi, na nani anagharimia nini. Muda wa kuomba hutofautiana. Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, ambazo sasa ni 29, hupokea maombi kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ingawa unaweza kuchukua hadi siku 45, na mwombaji hutakiwa kuwa na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Uingereza hupokea maombi ya viza ya kutembelea kuanzia miezi 3 kabla ya safari. Kwa Marekani, wanaoomba viza ya matembezi kwa mara ya kwanza kwa kawaida hufanyiwa usaili wa ana kwa ana, na foleni ya miadi hutofautiana mno kati ya ubalozi mmoja na mwingine, hivyo miadi ndiyo jambo la kwanza kuulizia.

Barua ya mwaliko iwe fupi, ya kweli na yenye mambo yanayoweza kuthibitishwa: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, anwani, chuo na programu unayosoma, uhusiano wenu, tarehe za kuingia na kutoka, mahali mgeni atakapolala, na maelezo ya nani analipia tiketi, chakula na bima. Ambatisha nakala ya pasipoti yako, kibali cha kuishi, barua ya uthibitisho wa chuo na mkataba wa upangaji, na pale inapofaa cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba huyo ni mzazi wako. Jina likiandikwa kwa namna mbili katika hati mbili, jambo linalotokea sana kwa wazee waliozaliwa zamani, lielezwe kwa kiapo cha kisheria mapema badala ya kumwachia afisa wa viza alitafakari.

Katika nchi fulani barua ya kawaida haitoshi. Ufaransa, mwenyeji anayempokea mgeni nyumbani kwake huomba hati ya mapokezi katika ofisi ya manispaa anakoishi. Ujerumani iko hati rasmi ya ahadi, ambayo mwenyeji huisaini katika ofisi ya wageni baada ya kuonyesha kipato chake, na kwa saini hiyo hujifunga kurudisha fedha za umma zitakazotumika kwa mgeni, zikiwemo za matibabu. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo mara nyingi hakubaliwi kuisaini, na hata akikubaliwa ni vyema afikirie kwanza uzito wa deni la hospitali. Mgeni mwenye akiba yake au pensheni anaweza kuonyesha fedha zake mwenyewe, au ndugu mwingine mwenye ajira ya kudumu akabeba dhamana. Marekani, kwa upande wake, haihitaji barua ya mwaliko ili mtu aombe viza. Sheria yake huanza na dhana kwamba kila mwombaji wa viza ya matembezi ana nia ya kuhamia, na ni juu ya mwombaji kuondoa shaka hiyo kwa maelezo ya maisha yake nyumbani: kazi, biashara, familia, mali, na sababu ya kurudi.

Kwa sababu hiyo mwandae mgeni wako kwa maswali yenyewe, si kwa majibu ya kukariri. Mzee anayejua unasoma nini, unaishi mji gani na atakaa siku ngapi hujibu kwa utulivu. Wala msithubutu kuweka fedha za kuazima kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi ili salio lionekane nono. Maafisa hutazama fedha zimetoka wapi, na kiasi kikubwa kinachoingia ghafla bila maelezo huzua mashaka. Hati ya uongo ina adhabu nzito zaidi: Uingereza inaweza kumzuia mwombaji kwa miaka 10, na Marekani inaweza kumfungia mlango maisha yake yote.

Viza ikitoka, mwombe mgeni akutumie picha ya ukurasa wake, kisha muusome pamoja. Kibandiko cha Schengen huonyesha tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, idadi ya mara za kuingia, na idadi ya siku za kukaa. Watu wengi huangalia tarehe ya mwisho peke yake. Kibandiko kikisema kuanzia Juni 1 hadi Julai 15 lakini siku zikaandikwa 30, mgeni ana siku 30 tu ndani ya kipindi hicho, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Kwa Marekani, tarehe ya mwisho iliyo kwenye viza ni ya mwisho ya kufika mpakani, si ya kuondoka. Muda wa kukaa hupangwa na afisa wa mpakani na kuandikwa kwenye rekodi ya kuingia iitwayo I-94, ambayo unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya serikali baada ya mgeni kuwasili. Angalia pia nchi anamobadilishia ndege, kwa kuwa baadhi hutaka viza ya kupita. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ndizo za kuogopa zaidi, maana mara nyingi humlazimu abiria kuingia nchi ya katikati kuchukua mizigo yake na kuiandikisha upya.

Mwanafunzi anayeelekea kubaki ajue kwamba milango hupanuka kadiri hadhi yake inavyobadilika. Kanada, kwa mfano, ina viza maalumu ya wazazi, babu na bibi wa raia na wakazi wa kudumu, inayowaruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa mkupuo mmoja, kwa sharti la bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada. Mwenye kibali cha masomo bado hana haki hiyo, na mzazi wake huomba viza ya kawaida. Familia ikielezwa hivyo, haitamlazimisha mzazi kubana safari zote katika mwaka ambao wewe bado unahangaika na tasnifu.

Atalala wapi

Soma mkataba wa upangaji au kanuni za hosteli kabla ya kuandika mwaliko. Hosteli nyingi za wanafunzi huruhusu mgeni kwa usiku chache tu, na baadhi hutaka ajiandikishe mapokezi. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwa maandishi, na jibu lake litunzwe. Ukichangia nyumba, wenzako waelezwe tarehe kamili na wapewe nafasi ya kusema kinachowasumbua: saa za kutumia bafu, sauti za simu usiku, rafu za jokofu. Baadhi ya nchi zina wajibu wa kisheria juu ya hili. Nchini Italia anayempa malazi mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya hutakiwa kuiarifu polisi ndani ya saa 48.

Chumba kikiwa kidogo, mpe mgeni kitanda na wewe ulale chini, lakini meza ya kusomea isiguswe. Mkikosa namna, kodisheni chumba karibu kwa muda, au mwombe mwanafunzi anayesafiri likizo akupangishe chake kwa idhini ya mwenye nyumba. Mzazi anaweza kuona haya kulala kwingine, akidhani anafukuzwa. Mweleze kwamba sheria ya jengo ndiyo inayodai hivyo, na umwonyeshe picha ya chumba hicho kabla hajafika.

Fedha

Hapa ndipo wengi hunyamaza, na ukimya huo hugharimu. Nyumbani huaminika kwamba aliyeko ughaibuni ana fedha, na mwanafunzi huona aibu kukanusha. Andika hesabu ya ziara yote: tiketi, viza, bima, nauli za ndani, chakula cha mtu wa ziada, nguo za baridi, na akiba ya dharura. Kisha ipitieni pamoja kwenye simu, kila upande useme unachoweza. Zawadi ni fungu lake. Mgeni atataka kurudi na kitu kwa kila mtu, na wewe utajisikia vibaya kukataa. Kiasi kikitajwa mapema, mtaingia dukani bila kuviziana.

Usijazie pengo kwa kuongeza saa za kazi kupita kikomo cha kibali chako. Uingereza wanafunzi wengi wa shahada hawaruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na Australia kikomo ni saa 48 kwa wiki mbili wakati masomo yanaendelea. Kuvunja sharti hilo kunahatarisha masomo yenyewe, na hakuna mzazi ambaye angekubali ziara yake ilipiwe kwa gharama hiyo. Mgeni naye, akiwa na viza ya matembezi, asichukue kibarua hata cha siku moja.

Afya na safari yenyewe

Bima ya afya inunuliwe hata pale ambapo haitakiwi na sheria. Katika nchi ambazo matibabu ya wakazi hugharimiwa na kodi, mgeni wa muda hutozwa huduma nyingi, na Marekani kulazwa hospitalini bila bima kunaweza kumaliza akiba ya familia nzima. Soma kipengele cha magonjwa aliyokuwa nayo mtu kabla ya safari, kwa sababu bima nyingi za bei nafuu hazilipii presha, kisukari wala moyo, na kwa mgeni mwenye umri mkubwa hayo ndiyo yanayotarajiwa. Ugonjwa utajwe kwenye fomu. Usipotajwa, kampuni itakuwa na sababu ya kukataa kulipa.

Dawa zitoshe siku zote za ziara na wiki moja zaidi, ziwe katika vifungashio vyake vya asili pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, na zikae kwenye begi la mkononi. Insulini isiwekwe kamwe kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, kwa maana inaweza kuganda na kuharibika. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali katika baadhi ya nchi, hata kwa abiria anayepita tu, kwa hiyo kanuni ziangaliwe mapema. Kwenye safari ya saa nyingi mgeni ainuke na kutembea mara kwa mara, anywe maji, akunje na kukunjua vifundo vya miguu akiwa amekaa, kwani kukaa muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mwenye historia ya tatizo hilo amwone daktari kabla ya kusafiri.

Mzee asiyezoea viwanja vikubwa vya ndege aombewe msaada wa kiti cha magurudumu, hata kama anatembea vizuri, ikiwa umbali mrefu wa kutembea humchosha. Kwa ndege zinazotoka Ulaya huduma hiyo haitozwi, na inatakiwa kuombwa angalau saa 48 kabla. Faida yake haiishii kwenye miguu: mhudumu humpitisha ukaguzini, humfikisha kwenye lango sahihi na humwondolea hofu ya kupotea. Katika vyakula vya zawadi, mkumbushe kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi nyingi za nje kuingiza nyama na bidhaa za maziwa, na kwamba Marekani hutaka kila chakula kitajwe kwenye tamko la forodha.

Mwandikie karatasi moja ya kuweka pamoja na pasipoti. Iwe na jina lako na namba ya simu, anwani kamili ya mahali atakapolala, jina la chuo, tarehe ya kurudi, namba ya bima, na sentensi moja kwa lugha ya nchi hiyo isemayo anakuja kumtembelea nani na kwa siku ngapi. Simu inaweza kuzima. Karatasi haizimi, na afisa wa uhamiaji akiuliza anwani, mgeni ataitoa bila kubabaika.

Siku za kawaida

Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti ya majira, na safari ya kuelekea mashariki huchosha zaidi. Usimpangie mgeni matembezi siku ya pili. Siku hizo za mwanzo zitumike kumfundisha nyumba, na mfundishe kwa kumwachia afanye mwenyewe. Simama nje ya mlango naye, mpe funguo, aufungue na kuufunga mara kadhaa, hasa kama ni mlango unaojifunga wenyewe ukitoka bila funguo. Mwachie awashe jiko la umeme lenye vioo, ambalo halionyeshi moto na hubaki na joto baada ya kuzimwa. Mwonyeshe king'ora cha moshi kiko wapi na hulia kwa sababu gani, ili asitetemeke kikilia. Kisha tembeeni pamoja hadi kituo cha basi na dukani, na siku inayofuata yeye ndiye aongoze njia huku wewe ukifuata nyuma bila kusema neno.

Laini ya simu ya nchi hiyo, yenye intaneti, iwe tayari siku ya kwanza. Namba za dharura aziandike mahali anapoziona: 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 000 Australia.

Ratiba yako ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, ikionyesha saa za darasani, saa za kusoma nyumbani na saa za kuwa pamoja. Saa ya kuwa pamoja iheshimiwe kama kipindi cha darasani, simu ikiwekwa kando, kwa sababu mgeni anayejua kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni una nafasi naye hatakukatiza saa nane mchana. Ukisomea nyumbani, mzazi huona umekaa tu na kudhani unaweza kuzungumza. Ni vyema siku hizo uende maktaba. Siku moja mpeleke chuoni akaone darasa, maabara au kiti unachokalia maktaba. Akishaona mahali penyewe, ataelewa kwa nini huwezi kutoka hapo mapema.

Mwachie mgeni kazi ya kufanya. Mama atapika, baba atatengeneza mlango wa kabati, dada atakupangia nguo. Kumkatalia kila kitu kwa jina la heshima ni kumfanya akae bure katika nyumba ya mtoto wake. Lakini msaada usigeuke kuwa wajibu, wala mzazi asifanywe yaya au mpishi wa nyumba nzima. Wakati mwingine atasema jambo zito kuhusu maisha yako: umekonda, humwendei Mungu kama zamani, utaoa lini, utarudi lini. Usijibu swali la kurudi kwa ahadi ya kumfurahisha. Mweleze mpango ulivyo sasa, hata kama bado haujakamilika, na umweleze mkiwa mnatembea nje, ambako mazungumzo hayabanwi na kuta za chumba kimoja.

Kabla hajaondoka

Wiki ya mwisho hakikisheni uzito wa mizigo kwa mizani, mthibitishe tiketi, na muombe upya msaada wa uwanjani kwa safari ya kurudi. Akiugua karibu na tarehe ya mwisho ya viza, wasilianeni na mamlaka ya uhamiaji kabla muda haujaisha, mkiwa na barua ya daktari, kwa kuwa kuzidisha hata siku moja hubaki kwenye kumbukumbu zake. Baada ya kufika nyumbani, atunze pasi za kupandia ndege na nakala za mihuri ya kuingia na kutoka pale inapogongwa, nawe uhifadhi faili zima la maombi, kuanzia barua ya mwaliko hadi bima. Maombi ya pili huwa mepesi zaidi pale mtu anapoweza kuonyesha kwamba safari ya kwanza alikuja kwa tarehe alizosema na akaondoka kwa wakati.